Aliyeshika kamera naye ana fungu lake la lawama

Kila mwaka nifundishapo kauli za vitenzi vya Kiswahili, huanza na mfano wa nyumba. Mtu akiisha kusimamisha nyumba yake kijijini, huwatangazia jamaa na majirani kwamba amejenga, ilhali hajapata kushika mwiko wala timazi. Aliyejenga ni fundi, yeye alijengesha. Kadhalika bibi arusi hushonesha gauni, na mwenye kushona ni fundi cherehani. Lugha yetu imetujalia kiambishi kidogo cha kumtenga mtenda na mtendeshaji, lakini katika mazungumzo ya kila siku aghalabu twakiacha, na kwa kukiacha huko twamsahau fundi.

Siku moja, katika mhadhara wa namna hiyo, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza kuhusu filamu. Alitaka kujua ni kwa nini husemwa kwamba filamu fulani ni ya mwelekezaji fulani, hali mwelekezaji mwenyewe huenda hakuigusa kamera hata mara moja. Nilimjibu kwa maneno mawili matatu ya kumwondoa njiani, kama tufanyavyo walimu tunapobanwa, lakini swali lenyewe halikuniondoka. Ndilo lililonipeleka kwenye maisha ya Mmarekani mmoja aliyeitwa Billy Bitzer, ambaye wanahistoria wa sinema humtaja miongoni mwa wapiga picha wakubwa kupata kutokea. Naomba msomaji anivumilie nimsimulie, kwa maana kisa chake kina jambo linalotuhusu sote tunaoshika kalamu, kipaza sauti au kamera.

Johann Gottlob Wilhelm Bitzer alizaliwa tarehe 21 Aprili 1872 huko Roxbury, sehemu ya jiji la Boston katika jimbo la Massachusetts, katika familia ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Jina hilo refu lilifupizwa baadaye likawa G. W. Bitzer, na midomoni mwa rafiki zake likawa Billy. Ujanani alijifunza kazi ya kufua vyombo vya fedha. Alipohamia New York, aliifanya kazi hiyo mchana na kusoma mambo ya umeme usiku. Ni vyema tuyakumbuke mafunzo hayo mawili, yaani subira ya mfua fedha na elimu ya taa, kwa kuwa ndiyo yaliyomfanya awe alivyokuwa.

Mwaka 1894 aliajiriwa na kampuni ndogo iliyoitwa Magic Introduction Company, iliyotengeneza vitu vya kushangaza na kuchekesha wateja. Wakati huo picha zinazokwenda zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa. Thomas Edison alikuwa na mashine yake ya kutazamia kupitia tundu, na W. K. L. Dickson, fundi aliyemsaidia kuiunda, alikuwa karibu kuachana naye. Dickson akashirikiana na wakubwa wa kampuni ya Bitzer, na kufikia mwisho wa mwaka 1895 ikazaliwa kampuni ya American Mutoscope, ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kwa jina la Biograph. Bitzer hakuchaguliwa kuwa mpiga picha, maana kazi ya jina hilo haikuwapo bado. Alikuwa fundi mitambo aliyekuwapo mahali ilipokuwa ikibuniwa.

Kamera yao ya kwanza ilikuwa dude zito lililoendeshwa kwa mota ya umeme, na kuihamisha kutoka mahali hadi mahali ilikuwa kazi ya wanaume kadhaa. Ili kuikwepa hataza ya Edison, walitumia ukanda mpana wa milimita 68 usio na matundu, na kamera yenyewe ikautoboa ukanda papo hapo ilipokuwa ikipiga picha. Kwa mashine hiyo, mnamo Septemba 1896, walimpiga picha William McKinley, mgombea wa urais wa Marekani, akitembea kwenye uwanja wa nyumba yake huko Canton, Ohio. Picha hiyo ilionyeshwa New York tarehe 12 Oktoba mwaka huo, wakati kampeni zikiwa zimepamba moto, na wafuasi wa McKinley wakamshangilia kiongozi wao ukutani kana kwamba alikuwa ameingia ukumbini kwa miguu yake. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo. Tangu siku zake za mwanzo kabisa, kamera ya Bitzer ilikuwa imekwisha kuingia katika siasa.

Miaka iliyofuata ilimtembeza huku na huko. Mwaka 1898, vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka, alipelekwa Kuba na kamera yake. Tarehe 3 Novemba 1899 alikuwa Coney Island, ambako James Jeffries na Tom Sharkey walipigania ubingwa wa ndondi wa uzani wa juu. Pambano hilo lilifanyika usiku, ndani ya jumba, na hadi wakati huo watu waliamini kwamba picha zinazokwenda haziwezi kupigwa pasipo jua. Taa kubwa za umeme zipatazo 400 zilitundikwa juu ya ulingo, na joto lake likawachoma mabondia utosini kwa raundi zote 25. Picha zilipatikana. Mwanafunzi wa umeme alikuwa ameionyesha dunia kwamba giza si kizuizi tena.

Mnamo 1904 aliingia katika viwanda vya Westinghouse karibu na Pittsburgh, akawapiga picha wafanyakazi kwa msaada wa taa za mvuke wa zebaki. Katika baadhi ya picha hizo kamera ilipita juu yao ikiwa imebebwa na winchi ya kiwanda. Mwaka 1905, reli ya chini ya ardhi ya New York ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kufunguliwa, alipanda treni na kamera yake akaifuata treni iliyotangulia, huku taa zikibebwa kwenye behewa lililokwenda sambamba katika reli ya pili. Atazamaye picha hiyo leo huona nguzo zikipita, giza likimeza na kutapika, kisha abiria wa zamani wakishuka stesheni na kofia zao. Hakuna hadithi wala mwigizaji ndani yake, na hata hivyo mtazamaji haondoi macho.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Bitzer mwaka 1908, wakati mwigizaji mmoja asiye na kazi ya kudumu, David Wark Griffith, alipobisha hodi katika studio ya Biograph, nambari 11, Barabara ya 14 Mashariki, mjini New York. Griffith alikuwa mwana wa Kentucky, na baba yake alikuwa kanali katika jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Alitaka kuwa mwandishi wa tamthilia na hakufaulu. Kampuni ilipokosa mwelekezaji, alipewa nafasi hiyo naye hajui lolote kuhusu kamera. Bitzer alimpa mashauri ya awali, na muda si mrefu wakawa kitu kimoja. Hadi mwaka 1913 Griffith alikuwa ameelekeza filamu fupi zaidi ya 400 katika kampuni hiyo, na nyingi katika hizo zilipigwa na Bitzer.

Yamesemwa mengi ya kupita kiasi kuhusu wawili hawa. Wapo wasemao kwamba ndio waliobuni picha ya karibu, ilhali Mwingereza G. A. Smith alikuwa ameitumia huko Brighton tangu mwaka 1900. Hata hivyo, kuwa na neno ni jambo moja na kulitungia sentensi ni jambo jingine. Kabla yao, picha ya karibu ilikuwa kiini macho cha kuchekesha watu. Mikononi mwao iligeuka kuwa njia ya kuonyesha mtu anafikiri nini. Katika filamu ya mwaka 1909 kuhusu mlevi aliyeacha pombe, Bitzer aliiangaza familia kwa mwanga uliotoka upande mmoja tu, kana kwamba ni moto wa mekoni, na mtazamaji akajua bila ya kuambiwa kuwa amani imerudi nyumbani. Katika nyingine ya mwaka huo huo, mwanga uliingia chumbani polepole kuonyesha kupambazuka. Inasimuliwa pia kwamba mchana mmoja waigizaji walipokuwa wakila, aliwaelekezea kamera huku jua likiwa nyuma yao, jambo ambalo mafundi wote waliliepuka. Mwanga uliogonga mezani na kurudi usoni mwao ukawapa sura ya kupendeza, na nywele zao zikazungukwa na mng'aro. Tangu hapo mwanga wa nyuma ukawa mazoea ya sinema.

Biograph haikuwa na desturi ya kuandika majina ya watu katika filamu zake. Waigizaji hawakutajwa, wala mwelekezaji, seuze mpiga picha. Griffith alipoihama kampuni hiyo mwaka 1913, alinunua nafasi katika gazeti moja la maigizo, akaorodhesha filamu alizozifanya na kujitangaza kuwa mwasisi wa mbinu hizo zote. Tangu siku hiyo sifa ikawa yake. Bitzer alimfuata katika kazi mpya, na jina lake likabaki chini ya la bwana wake.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu tunafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Kati ya Julai na Oktoba 1914, karibu na Los Angeles, Griffith na Bitzer walipiga filamu iliyotokana na riwaya ya Thomas Dixon, mtu aliyewachukia Wamarekani Weusi hadharani na kujivunia chuki hiyo. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Februari 1915 kwa jina la riwaya, kisha ikaitwa The Birth of a Nation. Ilichukua takriban saa tatu, urefu ambao Wamarekani hawakuuzoea. Hadithi yake inaanzia kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 na kuendelea hadi miaka iliyofuata, wakati waliokuwa watumwa walipopata haki ya kupiga kura na kuchaguliwa. Kwa mujibu wa filamu hiyo, uhuru wa watu weusi ulikuwa msiba. Wabunge weusi wanaonyeshwa wakinywa pombe na kupandisha miguu mezani bungeni. Mtu mweusi aitwaye Gus, aliyeigizwa na mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni, anamfukuza msichana mzungu hadi msichana anajirusha kutoka mwambani. Kisha wanatokea wapanda farasi wenye kanzu nyeupe, yaani Ku Klux Klan, wanamuua Gus na kuwaokoa wazungu, na nchi inapata amani.

Huo ulikuwa uongo mtupu juu ya historia, na kila mwenye kusoma aliweza kuujua. Lakini uongo huo haukuandikwa kwa wino. Uliandikwa kwa mwanga, na mkono uliouandika ulikuwa wa Bitzer. Yeye ndiye aliyezungusha mkono wa kamera ya Pathé kwa mwendo sawia, pasipo mota, katika mapigano yaliyojaa moshi. Yeye ndiye aliyezipa maiti za vitani utulivu wa zile picha mnato za Mathew Brady, hata mtazamaji akadhani anatazama ushahidi. Askari aliyeshindwa anaporudi nyumbani, mkono wa mama unatokeza mlangoni na kumvuta ndani, na mama mwenyewe haonekani. Ni picha ya kuliza mtu. Nimeitazama mara nyingi na kila mara huniuma, nami najua vyema kwamba machozi yangu yanatayarishwa ili baadaye niwashangilie wauaji. Kamera iliyofungwa juu ya gari iliwatangulia wapanda farasi wa Klan, kwato zikitimua vumbi, na picha hizo zikapishana na za waliozingirwa hadi moyo ukaanza kudunda kwa kuwasubiri waokozi.

Nikiwa mtoto, gari la sinema lilipofika sokoni kwetu tulikaa chini tukatazama filamu za Wamarekani juu ya shuka jeupe. Askari wakija juu ya farasi kuwaokoa wenzao dhidi ya Wahindi Wekundu, tulisimama tukapiga makofi. Sisi, wajukuu wa watu waliopokonywa ardhi, tuliwashangilia wapokonyaji wa ardhi za wengine! Hakuna aliyetuamrisha. Ilikuwa kazi ya mpangilio wa picha, na mpangilio huo una asili yake, na asili yake mojawapo ni ule mbio wa farasi wa mwaka 1915.

Mwandishi mwenye kutaka kumtetea Bitzer atasema alikuwa mwajiriwa. Hakuitunga hadithi wala kuwapaka waigizaji rangi. Alielekezwa, naye akatii. Utetezi huo una mapungufu mawili. La kwanza ni kwamba hakuwa mwajiriwa tu. Fedha za kuimaliza filamu zilipopungua, alitoa mfukoni mwake dola 7,000, ambazo wakati ule zilikuwa mali nyingi, akawa mmojawapo wa wenye hisa. Filamu ilipofaulu alipata faida kubwa. Aliyeweka fedha zake katika biashara hawezi kusema alipita njia.

La pili ni hoja ya zama. Husemwa kwamba watu wa wakati ule hawakujua vingine, na kwamba tusiwapime kwa mizani yetu. Lakini watu wa wakati ule walikuwa nani? Chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za Wamarekani Weusi, kiliipinga filamu hiyo tangu ilipotoka, katika mji baada ya mji. Mjini Boston, jiji lile lile alikozaliwa Bitzer, mhariri mweusi William Monroe Trotter aliongoza maandamano mwezi wa Aprili 1915 na akatiwa mbaroni katika ukumbi wa Tremont. Hao pia walikuwa watu wa zama zile. Walisema waziwazi, kwa sauti kubwa, na magazeti yakaandika. Anayedai kwamba zama hazikujua, huwa anawatoa watu weusi katika hesabu ya zama, na hilo ndilo kosa lenyewe la filamu.

Madhara hayakukawia. Tarehe 18 Februari 1915 filamu ilikuwa imeonyeshwa katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Woodrow Wilson. Mnamo Novemba mwaka huo, William Simmons na wenzake walipanda mlima uitwao Stone Mountain, karibu na Atlanta, wakachoma msalaba na kuifufua Ku Klux Klan, ambayo ilikuwa imezimika tangu miaka ya 1870. Msalaba unaowaka haukuwa desturi ya Klan ya kwanza. Waliuchukua kutoka kwa Dixon na filamu. Siku chache baadaye filamu iliingia Atlanta, na tangazo la Klan likachapishwa sambamba na tangazo la sinema. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 wanachama wa kundi hilo walihesabiwa kwa mamilioni. Kwa miongo mingi filamu hiyo ilitumiwa kuwavutia wanachama wapya, katika nchi ambamo Wamarekani Weusi walikuwa wakinyongwa mitini na makundi ya raia bila ya kufikishwa mahakamani.

Baada ya hapo Griffith na Bitzer walifanya kazi iliyowashinda wengi kwa ukubwa. Katika Intolerance ya mwaka 1916 walijenga kuta za Babeli huko Hollywood, na ili kuzionyesha, kamera ikapandishwa juu ya mnara uliosukumwa relini huku jukwaa lake likishuka polepole, mpaka umati wa maelfu ukageuka kuwa nyuso. Filamu hiyo ilikula fedha isizozirudisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoikumba Marekani, jina la Kijerumani likawa mzigo kwa Bitzer. Griffith alipokwenda Ulaya kutengeneza filamu ya vita, mpiga picha wake alitazamwa kwa shaka. Kisha, wakati wa Broken Blossoms ya mwaka 1919, Griffith alimleta Hendrik Sartov, aliyejua kuupa uso wa Lillian Gish ukungu mwembamba wa kupendeza. Bitzer, aliyezoea kuwa jicho pekee la bwana wake, aliumia. Akashika chupa. Jina lake likaendelea kuonekana katika baadhi ya filamu za Griffith hadi mwaka 1929, lakini wakati huo wapiga picha vijana walikuwa wamemzunguka, na sinema yenye sauti ilikuwa mlangoni.

Kuna sura moja ya maisha yake ninayoiheshimu bila ya masharti. Mwaka 1926 alishiriki mjini New York katika kuunda chama cha wafanyakazi wa kamera, ili mafundi wapate ujira wa haki na kutambuliwa. Yeye aliyefanya kazi miaka mingi pasipo kuandikwa jina alitaka wenzake wasiyapate yale yaliyompata. Katika miaka ya 1930 kazi zilikuwa adimu, naye hatimaye akapata kibarua katika maktaba ya filamu ya jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa, New York, akisaidia kuhifadhi mitambo na kumbukumbu za siku zake mwenyewe. Alifariki California tarehe 29 Aprili 1944, siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka 72. Masimulizi ya maisha yake aliyoyaandika yalichapishwa mwaka 1973, miaka 29 baada ya kifo chake.

Sasa nirudi kwenye kauli zangu za vitenzi. Mwaka 1999 chama cha waelekezaji wa filamu Marekani kiliamua kwamba tuzo yake kuu isiitwe tena kwa jina la Griffith, kwa sababu ya sura chafu aliyowapa watu weusi. Miaka minne baadaye, mwaka 2003, chama cha wapiga picha wa sinema kilitoa orodha ya wapiga picha kumi walioathiri sanaa hiyo kuliko wote, na Billy Bitzer alikuwamo. Sikuona ubaya katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili, ukiutazama peke yake. Ila nikiiweka pamoja naona hesabu isiyolingana. Mtendeshaji alibeba dhambi, naye mtenda akapewa shada la maua, hali kazi ilikuwa moja.

Kwa miaka mingi wapiga picha wamelalamika, na wana haki, kwamba mwelekezaji huvuna asichopanda. Wanataka tukiri kwamba mkono wa Bitzer ndio uliozifanya picha zile ziwe hai. Mimi nakiri. Lakini nikikiri hivyo nimekiri pia kwamba bila ya mkono huo, chuki ya Dixon ingebaki katika kurasa za riwaya duni, na Griffith angebaki na ndoto zake za Kentucky. Hatuwezi kumpa fundi sifa ya jengo kisha jengo likiwaangukia watu tukasema aulizwe mwenye kiwanja.

Isidhaniwe kwamba nataka filamu zake zichomwe. Nyingi zimetufikia kwa bahati tu, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Marekani kabla ya mwaka 1912 haikuzitambua filamu, na kampuni zikalazimika kuziandikisha kama picha za karatasi katika Maktaba ya Bunge. Karatasi hizo ziliokoka pale ambapo seluloidi iliteketea. Afadhali zitazamwe, tena na vijana, na zitazamwe pamoja na kazi ya Oscar Micheaux, mwelekezaji mweusi ambaye mwaka 1920 alitoa Within Our Gates, akaonyesha ukatili wa wanyongaji kwa macho ya walionyongwa. Micheaux hakuwa na fedha za Griffith wala fundi wa kiwango cha Bitzer. Filamu hiyo ilipotea kwa miongo mingi, hadi nakala yake ilipopatikana Uhispania. Mwenye kuitazama hakosi kuona upungufu wa mwanga hapa na kasoro ya ukataji pale, na hakosi kuona pia kwamba inasema kweli.

Leo hii wanafunzi wangu wote wana kamera mifukoni mwao. Wapo wanaolipwa na wanasiasa wapige picha za mikutano, wakate hapa na kuunga pale, umati mdogo uonekane mkubwa na jirani aonekane adui. Nimewasikia wakijitetea kwamba wao ni mafundi tu, na maneno ni ya mwenye kulipa. Sisi Wakenya tuliopita katika miezi ya mwisho ya 2007 na ya mwanzo ya 2008 tunajua chuki ikipata chombo cha kuipaaza huishia wapi.

Kwa hiyo siku hizi, nikifika kwenye kauli hiyo, mfano wa nyumba haunitoshi. Huandika ubaoni kwamba Griffith alitendesha, na chini yake kwamba Bitzer alitenda. Kisha huwauliza wanafunzi ni kauli gani iliyobakia. Hawakawii kunijibu kuwa ni kauli ya kutendwa. Ndipo huwasimulia habari za watu ambao hawakuwa nyuma ya kamera wala mbele yake, waliokuwa wakirudi majumbani mwao usiku katika barabara za Georgia, miaka ile filamu ilipokuwa ikijaza kumbi.